Chambo Bila Ndoana

Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda kiwandani, Yayat alitia kufuli kwenye lango la nyumba yao, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika, kisha akampa mama yake ufunguo uliofungwa kwenye kamba ya kiatu.

"Uvae shingoni, Mak," alisema. "Usiuweke mezani, wala chini ya mto. Abah anajua sehemu zako zote."

Emak Onih aliuvaa. Chuma kilikuwa cha baridi, akakisukuma ndani ya blauzi.

"Majirani wakiuliza?"

"Waambie kuna wezi."

"Wezi wa nini, Yayat? Wa mikeka?"

Baba yake Yayat, Abah Juhana, alikuwa kibarazani na kikombe chake cha kahawa, hatua sita kutoka hapo. Alikuwa na miaka sabini na minne na masikio yake yalikuwa mazima. Yayat alipogeuka wakatazamana.

"Kufuli zuri hilo," Abah alisema. "La shaba?"

"La shaba, Bah."

"Zuri."

Yayat akatokea mlango wa nyuma, upande wa chumba chake, na huko nako akafunga.

Yote yalianza jana yake bwawani. Yayat alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuna kitu kilichomkosesha utulivu kama shindano la Jumapili kwenye bwawa la Haji mmoja wa kijiji cha pili. Watu arobaini hukata tiketi, huchota namba kwenye kopo, kila mtu hukaa mahali namba yake ilipomtupa, na kwa saa mbili huvua. Mwenye samaki mzito kuliko wote ndiye mshindi, kisha samaki wote hurudishwa majini wakavuliwe tena. Yayat alikuwa ameshinda mara mbili. Chambo chake alikikanda mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa: viini vya mayai ya bata, mkate, jibini, na matone ya kichupa ambacho hata mkewe hakujua kilikofichwa.

"Mimi nina mke mwenza," Imas alizoea kuwaambia wanawake sokoni. "Anaitwa Kiini cha Yai."

Wiki hiyo Yayat alikuwa amefanya zamu ya ziada ili akate tiketi mbili. Ya pili alimpa baba yake. Alikuwa amemwona mzee anakaa tu, siku hizi, mikono katikati ya magoti, akaona amfurahishe. Na kwa bahati namba zao zilikuwa za jirani, kumi na moja na kumi na mbili.

Kwa saa mbili kiboya cha Abah kilizama na kuibuka, kikazama tena, na Abah hakuvuta hata mara moja. Alikuwa anakitazama tu, kichwa ameinamisha upande. Filimbi ilipolia, mishipi ilikuwa imesongana, na mwanamume mnene wa namba kumi na tatu akasaidia kuifungua. Akanyanyua mshipi wa Abah. Mwishoni palikuwa na donge la chambo lililofungwa kwa uzi, na hapakuwa na ndoana. Yule mwanamume alikifunika kile kitu kwa kiganja chake, haraka, kama mtu anayemfunika mwenzake aliyepasukiwa suruali. Lakini wa namba kumi na nne alikuwa ameshaona.

"Jamani, Abah Juhana anawapa samaki wa Haji chai ya asubuhi."

Bwawa zima likacheka. Yayat naye alicheka mwanzoni. Kisha akamtazama baba yake, akaona anatabasamu peke yake, macho bado yako majini, akaacha kucheka. Uso ule aliwahi kuuona. Ulikuwa uso wa Mang Sarip.

Mang Sarip alikuwa mdogo wake Abah. Alianza kwa kuweka kandambili ndani ya sufuria ya wali, na kila mtu akacheka. Miaka mitatu iliyopita alitoka nyumbani asubuhi akisema anakwenda kufunga maji kwenye jaruba lake, jaruba ambalo alikuwa ameliuza tangu Yayat akiwa bado shuleni. Siku ya pili Yayat ndiye aliyemkuta, penye kizuizi cha mfereji mkubwa, amelala kifudifudi majini. Alimvuta peke yake. Hakuwahi kumsimulia mtu jinsi alivyomvuta.

Ndiyo maana alinunua kufuli la shaba.


Siku tatu za kwanza Abah hakulalamika, na hilo lilimuumiza Emak kuliko kama angepiga kelele. Alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Alikaa mbele ya lango. Muuza tofu alipopita aligundua lango halifunguki, akapitisha vipande vya tofu kimoja kimoja katikati ya vyuma, akaongeza kimoja ambacho hakikulipiwa.

Odeng, rafiki yake Abah tangu wakiwa wadogo, alikuja Jumanne kama kawaida yake, ufito wa kuvulia begani na mihogo ya kuchemsha kwenye jani. Wazee hawa wawili walikuwa na mahali pao kwenye mfereji, nyuma ya mashamba, ambapo hukaa kila Jumanne mpaka jua liwe kali. Odeng alitazama kufuli, akalitazama tena, akakunja saruni yake akachuchumaa nje. Abah akachuchumaa ndani. Wakala mihogo hivyo, wakipokezana katikati ya vyuma.

"Umeiba nini?" Odeng aliuliza.

"Kuku wako."

"Yule alikuwa mzee, ungesubiri afe."

Wakacheka. Emak akiwa jikoni aliwasikia wakicheka, na akaona haya kutoka nje, kwa sababu ufunguo ulikuwa kifuani mwake na yeye ndiye angepaswa kusema hapana.

Na yeye pia alikuwa amefungwa, ingawa hilo hakuna aliyelitaja. Akienda sokoni lazima amfungie mumewe ndani kama mbuzi, na akifika sokoni moyo wake unabaki nyumbani: je, moto ukizuka? Alinunua mboga bila kuchagua. Alirudi mbio na miguu yake mibovu, na kila mara alimkuta Abah amesimama langoni kupokea kikapu.

"Ningekuja kukupokea njiani," Abah alisema siku moja, "lakini nina shughuli hapa."

Jumatano alikuja Nining, mhudumu wa afya wa mtaa, na karatasi ya maswali. Yayat ndiye aliyemwomba. Alikuwa msichana mpole, alivua viatu mbali kabisa na mlango, akauliza kama magoti ya Emak yanaendeleaje kabla hajafungua karatasi.

"Abah, leo siku gani?"

"Muulize mwenye ufunguo."

"Ni mwezi gani, Bah?"

"Huu huu."

"Haya. Una mia, toa saba."

"Nimetoa."

"Zimebaki ngapi?"

"Sijui, binti, umezichukua wewe."

Nining alicheka mpaka akaziba mdomo. Lakini karatasi haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu anatania. Aliandika kwa penseli, si kwa kalamu, akamwambia Emak atarudi siku nyingine mzee akiwa na hamu ya kujibu. Jioni Yayat alikuta ile karatasi mezani, akasoma: kumi na moja kati ya thelathini. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, na usiku huo hakula.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Yayat alikuwa zamu, na Abah hakuweza kuachwa aende msikitini peke yake, kwa hiyo Emak alimsindikiza, akangoja nje chini ya mwavuli kama mama aliyempeleka mtoto chekechea. Wanaume walipita wakiangalia chini. Mlinzi wa msikiti alimletea kiti cha plastiki, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe. Sala ilipokwisha Abah alitoka wa mwisho. Njiani alimshikia Emak mwavuli, ingawa mkono wake ulikuwa unatetemeka na mwavuli ukitetemeka nao, na hapo ndipo Emak alipoutazama ule mkono vizuri.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nini?"

"Mkono."

"Ah. Kitambo."


Waliporudi walikaa kibarazani, lango limefungwa. Emak alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Niambie kuhusu ndoana," alisema. "Mimi si Yayat. Mimi sina haraka."

Abah alisugua magoti yake.

"Mwaka jana nilipata samaki kule mferejini. Mdogo tu. Nikashindwa kumtoa ndoana, mkono hautulii. Nikavuta. Nikamchana mdomo mpaka jichoni. Nilimrudisha majini akaenda upande upande, hivi." Alionyesha kwa kiganja. "Odeng alijifanya hajaona. Tangu siku ile nikaacha kufunga ndoana. Naweka chambo tu."

"Mbona hukusema mikono inakusumbua? Odeng angekutolea."

"Ilianza kwa mikono, Onih. Lakini baadaye nikagundua kwamba simhitaji."

"Humhitaji nani?"

"Samaki."

Emak aliacha kuchambua.

"Nilipokuwa mtoto nilitaka yeyote," Abah alisema. "Hata wa kidole. Ilimradi nirudi nyumbani na kitu kinachorukaruka, mama aone. Nilipokuoa nilitaka wengi, ndoo ijae."

"Nakumbuka. Nilikuwa naparua magamba mpaka kucha zinauma. Sijawahi kusema, lakini niliwachukia wale samaki wadogo."

"Ungesema."

"Ungenisikia?"

"Hapana," Abah alikiri. "Halafu nikaanza kutaka mkubwa. Si wa kula, wa kumnyamazisha Odeng. Miaka mingi hiyo, Onih, najuta ilivyokuwa mingi. Yayat yuko hapo sasa. Halafu nikamtaka yule mmoja mjanja, anayekula chambo akaacha ndoana safi. Huyo nilimfuata misimu miwili."

"Ukampata?"

"Nilimpata. Nikakaa naye mkononi nikajisikia mpumbavu." Alitazama mikono yake. "Sasa nataka kujua tu kwamba yupo. Kile kiboya kikisimama, kikatulia, halafu kikaenda chini, kuna mtu huko chini amenibishia hodi. Basi. Inanitosha siku nzima. Nikimvuta nje, nimeharibu."

"Na Jumapili ulimwona Yayat amekulipia tiketi."

"Amefanya zamu ya ziada kwa ajili ya tiketi ile. Ningemwambiaje, mwanangu, samaki wako siwataki? Nikaona nikae tu karibu yake. Nilifurahi mno siku ile. Viboya vilizama kama mvua."

Emak alichukua mkono wake, akauweka juu ya ungo, juu ya mchele, mpaka ukatulia kidogo. Kisha akaurudisha mahali pake akaendelea kuchambua, kwa sababu wali ulikuwa unangojewa.


Emak alimweleza Yayat Jumamosi mchana, Imas akiwa anamenya vitunguu pembeni. Alieleza polepole, bila kuruka kitu. Yayat alisikiliza mpaka mwisho, akipaka mafuta gurudumu la kuvutia mshipi.

"Mak, hayo ndiyo yenyewe," alisema.

"Yenyewe nini?"

"Ugonjwa. Mang Sarip naye alikuwa na sababu ya kila kitu. Unakumbuka zile kandambili? Alisema mvua imezilowesha na sufuria ina joto. Ilikuwa sababu nzuri kabisa. Watu wanakwenda bwawani kuwapelekea samaki salamu, Mak? Mtu mzima?"

"Baba yako hakuwahi kupotea njia hata siku moja."

"Hata Mang Sarip hakuwahi. Mpaka siku ile."

Kila neno zuri alilokuwa nalo Emak lilikuwa linageuka kuwa ushahidi likishafika mikononi mwa mwanawe. Mume akikaa kimya ni ugonjwa, akitania ni ugonjwa, akieleza ni ugonjwa uliozidi.

"Basi mpe nafasi ya kukuonyesha," Imas alisema bila kuinua kichwa. Macho yalikuwa yanamtoka machozi ya vitunguu. "Kesho si kuna shindano? Aende. Avue kama watu. Akivua kama watu, toa hilo kufuli, mama yako anakonda."

Yayat alifikiri. Hilo lilikuwa jambo aliloweza kulipima.

"Avue na ndoana," alisema. "Avute kiboya kikizama. Amtoe samaki mwenyewe. Hata mmoja. Nikiona hivyo naamini akili yake ipo."

Emak alimpelekea Abah masharti hayo kibarazani. Abah alisikiliza, akaomba kahawa, akainywa yote.

"Nivae miwani yako au yangu?" aliuliza. "Kufunga ndoana nitahitaji msaada."

Emak ndiye aliyeifunga. Hakuwahi kufunga ndoana maisha yake yote. Abah alimwelekeza: zungusha mara tano, pitisha, lowesha kwa mate, kaza. Alijichoma mara mbili. Abah alitazama kile kitu kidogo chenye ncha kikining'inia, akasema fundo ni zuri, bora kuliko la Odeng.


Jumapili Emak alikwenda nao bwawani, jambo ambalo wake hawafanyi sana. Abah alichota namba ishirini na nane, Yayat ishirini na saba. Wa namba kumi na nne wa wiki iliyopita alipita nyuma yao.

"Leo menyu gani, Bah?"

"Leo kuna mifupa," Abah alisema.

Filimbi ikalia. Kiboya cha Abah kilikaa dakika nyingi bila kutikisika. Emak, akiwa amekaa nyuma kwenye gazeti, alijikuta anaomba dua ya ajabu: asije samaki. Kisha akakumbuka lango, akaomba aje. Mkono wa Abah ulitetemeka juu ya ufito na ncha ya ufito ilichora maduara madogo hewani.

Kiboya kikasimama. Kikatulia. Emak aliuona uso wa mumewe ukilainika, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa wema. Kikaenda chini.

Abah hakuvuta.

"Bah," Yayat alisema kwa sauti ya chini.

Abah akavuta.

Ufito ulipinda. Mzee alisimama, na hapo kila mtu aliona kwamba mwili wake haujasahau kitu: alimwachia samaki mshipi, akamgeuza, akamchosha, akamleta ukingoni polepole. Alikuwa samaki mwekundu wa aina ya mas, wa kilo tatu hivi, mdomo wazi. Watu walisimama kutazama. Abah akapiga magoti, akawageuzia wote mgongo, akaanza kuitafuta ndoana.

Emak aliona mabega yake. Aliona viwiko vikicheza. Dakika ikapita.

Kando yao kiboya cha Yayat kilizama, kikavutwa kwa nguvu, ufito wake ukaburutwa kwenye nyasi. Yayat aliutazama, akamtazama baba yake, akauacha. Alikuja akapiga magoti kando ya mzee, akaishika ile mikono miwili kwa mkono wake mmoja, akaituliza, na kwa mkono mwingine akatoa ndoana kwa mzunguko mdogo, mdomo wa samaki ukabaki mzima. Ufito wake mwenyewe ulikuwa umeshaingia majini.

"Ni hii tu?" Yayat aliuliza. "Ndiyo maana hukuweka ndoana? Mikono tu?"

Abah alimtazama mwanawe. Emak, hatua tatu nyuma, alimwona anatafuta jibu, akamwona anachagua.

"Mikono tu," Abah alisema.

"Ungeniambia, Bah. Wiki nzima nimekufungia, Bah." Yayat alipangusa uso kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na utelezi wa samaki. "Sasa sikiliza. Kila Jumapili nitakuwa nakutolea mimi. Nitaomba tukae pamoja, Haji ataelewa. Nitakukatia tiketi kila wiki. Wewe vuta tu. Kilo tatu, Bah, na hukutumia hata chambo changu."

"Asante, mwanangu," Abah alisema.

Walipata nafasi ya tatu, trei ya mayai. Yayat aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani, akiwaambia watu njiani kabla hawajauliza. Alifungua kufuli na kulitupa kwenye kopo la misumari, na jioni Imas alikaanga maandazi ya ndizi wakala wote kibarazani, lango wazi. Yayat alieleza mara tatu jinsi ufito ulivyopinda. Hakuwa amefurahi hivyo tangu Mang Sarip afe. Abah alicheka kila mahali palipotakiwa kicheko.


Jumanne asubuhi Odeng alipita, akaita. Abah alikuwa amesimama langoni, ufito mkononi.

"Leo sitakuja," alisema.

Odeng akaenda peke yake.

Emak alitoka jikoni akifuta mikono. "Mbona hukwenda? Lango liko wazi."

"Kule nitaonekana. Mtu atapita, atasema nimemwona Abah Juhana mferejini, kiboya kinazama yeye kakaa tu. Jioni Yayat atakuwa anajua." Aliongea bila hasira. "Acha. Jumapili si mbali."

"Ukafunge ndoana basi, kama Jumapili."

"Nitafunga Jumapili. Kwa ajili yake nitafunga, mpaka nife. Lakini siku zote siwezi, Onih."

Emak alimtazama. Kisha aliingia ndani, akavaa kitambaa chake cha kichwa, akajaza kahawa kwenye chupa, akatoka na ndoo tupu.

"Miguu yako," Abah alisema.

"Nayo inakuja."

Mfereji ulikuwa umejaa. Emak hakuwa amekaribia maji yale kwa miaka mitatu, na alikaa mbali kidogo na ukingo, akishika upindo wa shati la mumewe kwa vidole viwili, si kwa nguvu. Odeng alisogea kuwapa kivuli. Abah alifunga donge la chambo kwa uzi, akalitupa. Wakakaa.

Mwanamke mmoja alipita kwenye tuta akielekea mashambani, jembe begani. Kiboya kilikuwa kimezama wakati huo huo, chote, na Abah anakitazama, mikono imetulia juu ya magoti. Yule mwanamke akapunguza mwendo. Akatazama kiboya, akamtazama mzee, akatazama ndani ya ndoo.

"Vipi, Emak, mmepata?"

"Bado," Emak Onih alisema. "Tunangoja mkubwa."